Ng'ombe wa Amana

Katika nchi ya Maswa, ambako mbuga ni pana na mifugo ni mingi, iko desturi ya kale ambayo mtoto wa Kisukuma huijua kabla hajajua kusoma. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Wengine hukaa nyumbani kwake, na wengine huwapeleka kwa ndugu au rafiki akaaye mbali, awalishe na kuwatunza. Sababu zake ni za akili. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja hauwamalizi wote. Mvua ikikosa huku, huenda majani yako kule. Na yule rafiki asiye na ng'ombe hupata maziwa ya watoto wake na samadi ya shamba lake la mtama. Ng'ombe wa namna hii ni amana. Anayemtunza hunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake. Wala ndama si wake, isipokuwa wenyewe walipatana hivyo tangu mwanzo.

Desturi ni nzuri, walakini ina mlango mmoja ambao ugomvi hupitia. Mapatano yake hayaandikwi. Watu wawili husimama uani jioni, wakasema maneno machache, mmoja akakabidhi kamba, mwingine akaipokea, wakaagana. Miaka hupita. Mmoja akafa, mwingine akahama, wakabaki watoto wao, na kila mmoja ana habari yake aliyopewa na baba yake.

Basi na ichukuliwe kwa mfano habari ya nyumba mbili. Majina yao hayana haja. Aliyedai aitwe mdai, na aliyedaiwa aitwe mdaiwa, maana ndivyo mahakama iwaitavyo.

Baba yake mdai alikuwa akikaa karibu na Nyalikungu. Alipotaka kuhamia upande wa Geita kutafuta mashamba mapya, kama Wasukuma wengi walivyofanya, alimwacha mtamba mmoja kwa jirani yake. Baada ya miaka 9 wazee wote wawili walikuwa wamekufa. Yule mtamba alikuwa amezaa, na mtoto wake amezaa, na zizini mwa jirani walihesabiwa ng'ombe 5 wa uzao ule. Mdai akarudi, akawataka. Mdaiwa akashangaa kweli, wala hakujifanya. Akasema, "Ng'ombe huyu baba yangu alimpokea kuwa malipo ya magunia ya mtama mwaka wa njaa. Mimi nimemkuta zizini, nimemtibu, nimemlisha. Leo waja na kamba?"

Mdai akaondoka kwa hasira. Usiku ule akawaita vijana wa rika lake, wakashauriana kwenda zizini kabla ya jogoo kuwika, wafungue mlango, wawatoe ng'ombe kwa nguvu. Wengine walikuwa wameshika mishale tayari. Mjomba wake mdai akapata habari, akaja na fimbo yake, akaketi katikati yao.

"Mwanangu," akasema, "ukimtoa ng'ombe usiku, hata akiwa wako, kutakapopambazuka utaitwa mwizi."

"Mjomba, je, ng'ombe wangu mwenyewe nikamwombe kwa hakimu?"

"Ni wako, sawa. Lakini nani ajuaye kuwa ni wako, ila wewe? Nenda kwa mtu asiye wa ukoo wako wala wa ukoo wake, ukamwonyeshe."

Vijana wakatawanyika, baadhi yao wakinung'unika. Jambo alilolisema mjomba huyo ndilo shina la mahakama zote duniani: mtu mwenye neno na mwenzake asiwe mwamuzi wa neno hilo. Wasukuma walilijua tangu kale. Ugomvi mdogo uliamuliwa na wazee wa kijiji, wakikaa chini ya mti, na ugomvi mkubwa ulipelekwa kwa mtemi, naye alikuwa na wazee wake wa shauri.

Serikali ya Kiingereza ilipotawala Tanganyika iliziacha baraza za watemi, ikaziandikia sheria mwaka 1929. Baraza hizo zilifanya kazi kubwa, na watu walizielewa kwa kuwa zilihukumu kwa mila zao. Lakini zilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mpango wenyewe. Mtemi aliyesikiliza kesi ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyetoa amri za kazi katika nchi yake. Mtu aliyeonewa na amri ya mtemi alimshtaki kwa nani? Kwa mtemi. Na asiporidhika, rufani yake ilikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Yaani hao hao waliotawala ndio waliohukumu. Mahakama Kuu haikuwa na njia katika mashauri hayo.

Tena mila hazikuwa zimeandikwa, na mtemi huyu aliweza kuhukumu hivi na jirani yake vile. Hans Cory, mtaalamu wa serikali aliyezaliwa Vienna, alikaa na watemi na wazee wa Usukuma akiwauliza mambo ya mahari, urithi na mifugo, na kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kilipigwa chapa mwaka 1953. Miaka 10 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, utemi uliondolewa katika serikali, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyoweka Mahakama za Mwanzo mahali pa baraza za kale, zikaunganishwa na Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu kama ngazi moja. Tangu hapo mwenye kutawala wilaya na mwenye kuhukumu ni watu wawili mbalimbali.

Basi mdai akaenda Mahakama ya Mwanzo. Karani akamwandikia dai lake, akalipa ada, akapewa stakabadhi. Tarishi akampelekea mdaiwa hati ya wito, ambayo humwambia mtu anadaiwa nini, na nani, na aje siku gani. Hati hiyo yaweza kuonekana kuwa karatasi ndogo tu, lakini bila hiyo hakuna shauri. Hakimu hawezi kumhukumu mtu asiyejua kwamba anadaiwa, hata kama dai ni la kweli tupu.

Siku ilipofika walisimama mbele ya hakimu. Pembeni yake walikuwa wazee wa baraza wawili, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama hizo, wawe msaada katika mambo ya mila. Maneno yote yalisemwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya Mahakama ya Mwanzo. Mashahidi wakaambiwa watoke nje, wakakae mahali wasipoweza kusikia, na kila mmoja aingie kwa zamu yake. Mtoto aweza kudhani kwamba huko ni kuwakosea wakubwa heshima. Sivyo. Shahidi akiyasikia maneno ya mwenzake, hata akiwa mtu mwema, ulimi wake hufuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Mdai akasema kwanza, kwa kuwa mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mdaiwa hana haja ya kuonyesha kwamba ng'ombe ni wake mpaka mdai ameonyesha jambo la kujibiwa.

Shahidi wa kwanza alikuwa mzee mwenye maneno matamu, na mdai alimtumainia sana.

"Ng'ombe yule ni wa baba yake kijana huyu," akasema. "Maswa nzima yajua."

Hakimu akamwuliza, "Baba, siku alipokabidhiwa jirani, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Malampaka, stesheni, nikiuza pamba yangu."

"Nani basi aliyekuambia?"

"Watu."

"Mtu gani?"

Mzee akafikiri. "Watu wote walikuwa wakisema, bwana hakimu."

Hakimu akaweka kalamu yake chini, akamshukuru kwa heshima, akamwambia akapumzike. Mdai akainamisha kichwa.

Shahidi wa pili alikuwa mama mmoja wa mji wa jirani. Akasema, "Nilikuwa nikipeta mtama uani. Nilimwona baba yake mdai amemshika mtamba kwa kamba, mwekundu, ana baka jeupe pajani, sikio la kushoto limechanwa. Nilimsikia baba yake mdaiwa akisema, 'Nitakulishia mpaka urudi.' Akaipokea kamba."

Mdaiwa akapewa nafasi ya kumwuliza. Haki hii ni kubwa kuliko watu wadhanivyo; neno lisiloulizwa halijapimwa bado.

"Mama, je, hukugombana na mama yangu?"

"Tuligombana, mwanangu, kwa ajili ya kisima. Tukapatana kabla hujaoa."

"Ulikuwa mbali. Ulisikiaje?"

"Ua ule hauna hatua kumi. Nawe umeupita mara nyingi."

"Na magunia ya mtama aliyotoa baba yangu?"

"Siyajui. Sikuyaona."

Mdai alifadhaika kusikia hivyo, maana alitaka mama yule akane kabisa habari ya mtama. Lakini wazee wa baraza walitazamana. Shahidi anayesema "sijui" pale asipojua, huaminiwa zaidi pale anaposema "niliona".

Mdaiwa naye alikuwa na shahidi wake, mtu mzima aliyekuwa mchungaji mdogo wa nyumba ile zamani. Akaja kusema habari ya mtama, na alisema kweli: aliyaona magunia matatu yakichukuliwa kwenda kwa baba yake mdai mwaka wa njaa. Mdai, ambaye alikuwa amejifunza kidogo kwa kumsikiliza hakimu, akamwuliza swali moja tu.

"Ndugu yangu, yule ng'ombe alipozaa mara ya kwanza, ulitumwa mahali?"

"Nilitumwa. Marehemu aliniambia niende kwa mtu asafiriye Geita, nimpe salamu."

"Salamu gani?"

Yule mtu akanyamaza kidogo. "Mwambie baba fulani ng'ombe wake amezaa."

Mahakama ikawa kimya. Ng'ombe *wake*. Mtu aliyelipwa ng'ombe hapeleki habari za ndama kwa mwenye kulipa. Apelekaye habari ni mwenye kutunza amana. Wazee wa baraza walisema hivyo katika maoni yao, hakimu akakubali, akaandika hukumu kwamba ng'ombe yule na uzao wake ni mali ya mdai. Habari ya magunia matatu aliiamini pia, lakini akasema haikuonyeshwa kwamba mtama ule ulikuwa bei ya ng'ombe. Kama ni deni, ni dai lingine, nalo lina njia yake.

Mwanafunzi na arudi nyuma ayatazame maneno ya mashahidi watatu. Wengi husema upesi kwamba ushahidi ni wa macho na wa masikio haufai. Neno hilo si sahihi. Yule mama hakuona tu, alisikia pia, na kile alichosikia kilipokelewa, maana alikuwapo yalipotamkwa maneno ya mapatano. Mchungaji naye alieleza maneno aliyoambiwa yeye mwenyewe na marehemu. Mzee wa kwanza aliambiwa na watu, na watu hao hawakuletwa mahakamani waulizwe walijuaje. Kanuni za ushahidi za Mahakama za Mwanzo, zilizotolewa mwaka 1964, hutaka shahidi aeleze lile alilolipata kwa macho, masikio au mikono yake mwenyewe. Hata habari ya gazeti au ya simu huweza kupimwa kwa swali lile lile la hakimu: ulikuwa wapi?

Iko tofauti nyingine. Shauri hili lilikuwa la madai, yaani mali ya nani. Katika madai mahakama hupima pande mbili kama katika mizani, na upande ulio mzito zaidi hushinda, hata kama uzito hauzidi sana. Lakini kama mdaiwa angeshtakiwa kwa wizi, mizani hiyo isingetosha. Katika jinai mtu aweza kufungwa, na kwa sababu hiyo mahakama hutaka ushahidi usioacha shaka yenye maana. Ushahidi ule ule uliompa mdai ng'ombe wake huenda usingetosha kumfunga mdaiwa hata siku moja. Na kwa haki, maana yeye aliamini maneno ya baba yake.

Nchi ya Usukuma ina sababu ya kuyakumbuka mambo haya kwa uchungu. Wako wanawake wazee waliouawa kwa kuwa watu walisema ni wachawi, na alama iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe kinachotumiwa kupikia hufanya macho kuwa mekundu. Mwanamke aliyepika miaka 50 hawezi kukosa alama hiyo. Hapo ule "ushahidi wa watu wote" uliua.

Tena makosa hayakuwa ya wanakijiji peke yao. Mwaka 1976 watu wengi wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga walikamatwa kwa sababu ya mauaji ya namna hiyo, na wakati ule Maswa ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Baadhi yao waliteswa ili waungame, na wako waliokufa mikononi mwa waliowakamata. Nia ilikuwa kuwakomesha wauaji. Lakini mtu anayeumizwa husema lolote litakaloyakomesha maumivu, na ungamo la namna hiyo halimwelezi mahakamani aliyeua ni nani. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa amemgusa mtu. Hata hivyo alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwa jambo lilifanywa chini ya wizara yake. Maofisa waliohusika walishtakiwa katika mahakama zile zile ambazo wao hawakutaka kuzingoja. Mwinyi akawa Rais wa Tanzania mwaka 1985.

Yabaki habari ya rufani. Hakimu ni mtu, naye aweza kukosea, au sheria yenyewe aliyoifuata yaweza kuwa na kasoro. Ng'ambo ya ziwa, katika wilaya ya Muleba, bibi mmoja mzee wa Kihaya aliuza mwaka 1988 shamba la ukoo alilorithi kwa wasia wa baba yake. Alikuwa hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mwanamume wa ukoo wake akamshtaki, akisema kwamba kwa mila mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe ikakubali, ikavunja mauzo, maana mila iliyoandikwa ilisema hivyo hasa. Mahakama ya Wilaya ikaigeuza hukumu. Yule mwanamume akapanda tena, mpaka Mahakama Kuu, Mwanza.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Katiba husema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kwa hiyo, akasema, mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke haiwezi kusimama. Katika kuuza shamba la ukoo haki zao na masharti yao ni mamoja. Mauzo ya bibi yakathibitika. Hukumu hiyo husomwa mpaka leo na wanafunzi wa sheria, nayo ilianzia katika mahakama ndogo kama ile ya Maswa, kwa watu wawili waliogombania kipande cha ardhi.

Juu ya Mahakama Kuu iko Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, lakini shauri lililoanza katika Mahakama ya Mwanzo halifiki huko ila kwa swali la sheria ambalo Mahakama Kuu imelithibitisha kuwa lastahili kusikizwa.

Mdaiwa wa Maswa hakuridhika. Wala hakutakiwa kuridhika, alitakiwa kutii. Hakimu alipomaliza kusoma alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Una haki ya kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Siku zako ni 30 tangu leo." Wengi hulisikia neno hilo wakiwa na hasira, lisiwaingie, na siku ya 40 huja na sababu zao nzuri wakakuta mlango umefungwa. Yeye hakufanya hivyo. Alikwenda kwa karani kabla ya kutoka, akaomba nakala ya hukumu, akaulizia aandike nini na ada ni kiasi gani. Kisha akashika njia ya nyumbani, na mdai nyuma yake, maana njia yao ilikuwa moja.